Mpiga Kengele Aliyepita Malindi

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, yu darasa la nne katika shule ya bweni ya wavulana ya Wakatoliki huku kwetu Magarini. Aliporudi Mambrui kwa mapumziko ya katikati ya muhula, hakuuliza habari za mpira wala za mbuzi wake aliowaacha. Aliniuliza juu ya mtu aliyechorwa katika picha iliyotundikwa kwenye bwalo lao la chakula: mtu wa ndevu, kanzu nyeusi, na msalaba mkononi. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba mtu huyo alipata kutia mguu Malindi, tena kabla Ngome ya Mombasa haijajengwa. Mtoto alitaka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, alikuja kutafuta nini.

Swali hilo halikuwa dogo nyumbani kwetu. Siku binti yangu alipompeleka mtoto shuleni, shemeji yangu mmoja, mtu mzima mwenye elimu yake ya dini, alisema wazi barazani kwamba kumtoa mtoto chuoni na kumtia shule ya kanisa ni kama kumwazima mashua mtu ambaye hujui atarudi kwa msimu gani. Mimi siku hiyo nilinyamaza. Nami ni mtoto wa chuo. Nimeandika kwenye ubao, nimekalia mkeka, nimeionja bakora ya mwalimu na nikahitimu juzuu thelathini kabla sijajua kushika gazeti. Kwa hivyo nililiona jibu la mtoto kuwa pia ni jibu ninalodaiwa na shemeji yangu. Nimetafuta habari za mtu yule wa pichani, na leo nawasimulia wasomaji niliyoyapata.

Jina lake ni Francis Xavier. Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya ukoo wa mamake huko Navarra, ufalme mdogo wa milimani baina ya Uhispania na Ufaransa. Lugha ya mamake ilikuwa Kibaski, lugha ambayo haina ndugu katika Ulaya nzima. Babake, Juan de Jasso, alikuwa mwanasheria na mshauri mkubwa wa mfalme wa nchi ile. Mtoto alipokuwa na miaka sita, katika mwaka wa 1512, majeshi ya Uhispania yaliiteka Navarra. Babake alifariki mwaka wa 1515, na mwaka uliofuata washindi wakaamuru kuta na minara ya ngome yao ibomolewe. Kaka zake walishika silaha wakapigana upande ulioshindwa. Basi huyu ambaye baadaye aliingia miji ya watu akiwa ndani ya merikebu za wenye mizinga, alikuwa ameona kwa macho yake ya utotoni namna nyumba inavyovunjwa na wageni. Naomba msomaji aliweke hilo moyoni, maana nitalirudia.

Mwaka wa 1525 alikwenda Paris kusoma, akakaa katika chuo kiitwacho Sainte-Barbe. Alikuwa kijana mwepesi wa miguu, hodari wa kuruka na kukimbia, na mwenye tamaa ya cheo. Alikuwa akilala chumba kimoja na Pierre Favre, mtoto wa wachungaji wa kondoo, na mwaka wa 1529 akaongezeka mtu wa tatu, Ignatius wa Loyola, askari wa zamani aliyekuwa akichechemea kwa jeraha la vita. Ajabu ni kwamba jeraha lile Ignatius alilipata mwaka wa 1521 akiulinda mji wa Pamplona kwa ajili ya Uhispania, na kaka zake Francis walikuwa upande wa pili wa vita hivyo. Chumba kimoja kikawaweka pamoja watu ambao nyumba zao zilikuwa na damu baina yao. Francis ndiye aliyechelewa kulainika. Lakini tarehe 15 Agosti 1534 watu saba walipanda kilima cha Montmartre wakaweka nadhiri ya ufukara na utumishi, naye akiwa mmoja wao. Alipewa upadri mjini Venice mwaka wa 1537, na mwaka wa 1540 Papa akalikubali rasmi shirika lao, ambalo watu wake ndio waitwao Wajesuiti.

Safari ya kuja huku kwetu aliipata kwa bahati. Mfalme wa Ureno alikuwa ameomba mapadri wa kupeleka India. Mmoja wa waliochaguliwa aliugua, na Francis akajaza nafasi yake kwa taarifa fupi mno. Aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, katika merikebu moja na gavana mpya wa India, Martim Afonso de Sousa. Walichelewa upepo, wakalazimika kukaa miezi mingi katika kisiwa cha Msumbiji, ambako wagonjwa walikuwa tele naye akawauguza hadi mwenyewe akaugua. Mapema mwaka wa 1542 merikebu ikapanda na pwani yetu, ikatia nanga Malindi.

Tukumbuke Malindi ya siku zile. Mombasa ilikuwa imechomwa moto na Wareno mwaka wa 1505 na ikashambuliwa tena mwaka wa 1528. Malindi ndiyo iliyokuwa imefanya urafiki nao. Nguzo ya Vasco da Gama, ile nyeupe yenye msalaba ambayo hata leo imesimama kwenye ncha ya mwamba, ilikuwa imekwisha kusimama. Merikebuni alikuwa amefariki Mreno mmoja, na Francis akashuka pwani kumzika. Wazee wa Kiislamu wa Malindi walihudhuria wakatazama namna wageni wanavyomsitiri maiti wao, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba waliyapenda mazishi yale. Kikanisa kidogo cha Wareno kilichoko Malindi, pamoja na makaburi yake, mapokeo ya mji hukinasibisha na ziara ile.

Kisha mzee mmoja mkubwa wa mji akaketi naye kuzungumza. Alitaka kujua kama huko Ureno watu huyajaza makanisa yao na kama bado wana hamu ya sala. Sababu ya kuuliza ni kwamba kwake yeye hali ilikuwa ya kusikitisha: Malindi ilikuwa na misikiti 17, lakini iliyokuwa ikisaliwa ilikuwa mitatu tu, nayo kwa watu wachache. Kila mmoja akatoa maoni yake kuhusu sababu, wala hawakuafikiana. Francis alikuwa na hakika ya dini yake na mzee ana hakika ya yake. Hata hivyo waliketi, wakaulizana, wakaagana kwa amani. Habari hiyo Francis aliiandika katika barua aliyopeleka Roma kutoka Goa mwezi wa Septemba mwaka ule ule.

Alifika Goa tarehe 6 Mei 1542 baada ya kupitia Sokotra. Angeweza kukaa nyumba ya kifahari, kwani alikuwa na barua za Papa na za mfalme. Yeye alichagua kulala hospitalini, karibu na wagonjwa waliozidiwa. Asubuhi alikuwa nao hao, mchana kwa wafungwa, na Jumapili akatoka nje ya mji kwenda kwa wenye ukoma. Jioni akachukua kengele ndogo mkononi, akapita njiani akiilia na kuwaita watoto na watumwa. Walimfuata kwa mamia, naye akawafundisha sala na misingi ya dini kwa kuimba, mpaka nyimbo hizo zikasikika majumbani na mashambani.

Katika mji huo palikuwa na chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1541, ambacho baadaye kiliitwa Chuo cha Mtakatifu Paulo. Kilikuwa cha vijana wenyeji wa nchi nyingi: Wagoa, Watamil, Wamalayali, Wamalei, na nafasi ziliwekwa pia kwa vijana wa Uhabeshi na wa pwani hii yetu ya Afrika. Walilala pamoja, wakala pamoja, wakasoma kwa zamu na kuimba kwa pamoja. Hapo ndipo, mwaka wa 1556, ulipofungwa mtambo wa kwanza wa kupiga chapa vitabu katika India. Francis alikipenda chuo hicho na wenzake wakakabidhiwa ulezi wake.

Mwezi wa Oktoba 1542 aliondoka na vijana watatu wa chuo hicho waliojua Kitamil, akaenda kusini, kwenye pwani ya wazamia lulu waitwao Waparava. Watu hao walikuwa wamebatizwa miaka michache kabla ili wapate ulinzi wa Wareno, lakini hakuna aliyewafundisha neno. Francis aliwakusanya waliojua lugha mbili, wakamtafsiria sala, naye akazihifadhi kwa moyo katika lugha asiyoielewa. Kisha akatoka na kengele yake. Mara mbili kwa siku aliwakusanya watoto, akasema nao wakaitikia, na kila mtoto akapewa amana ya kwenda kuwafundisha babake, mamake na majirani yale aliyoyahifadhi. Mgonjwa alipoita, yeye aliyekuwa peke yake kwa vijiji vingi alimtuma mtoto mwenye tasbihi yake akasome sala kitandani.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana nilidhani ninasoma habari za chuo chetu. Sisi pia tuliitika kabla hatujaelewa. Sisi pia tulitumwa nyumba zenye wagonjwa tukasome Yasini, na wakubwa wetu wakawasomesha wadogo mwalimu akiwa sokoni. Ufundi wa kumfundisha mtoto kwa sauti na kwa kundi si wa dini moja. Aliyejua kumwita mtoto kwa kengele na aliyejua kumwita kwa adhana walikuwa na siri moja: mtoto hafungi aliyofundishwa darasani, huyapeleka nyumbani.

Na hapo ndipo penye hofu ya shemeji yangu, wala siwezi kumwambia kwamba hofu hiyo haina msingi. Barua za Francis zenyewe zasema kwamba watoto wale wa pwani ya lulu walikuja kumweleza ni nani katika kijiji aliyekuwa bado akiabudu sanamu, hata ikiwa ni wazazi wao. Alifuatana nao mpaka hapo, watoto wakazivunja na kuzitukana sanamu hizo, naye akafurahi. Mtoto wa ngome iliyobomolewa hakuona, au hakutaka kuona, kwamba ukuta mwingine ulikuwa ukibomolewa ndani ya nyumba za watu wale. Mwaka wa 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno akiomba Goa iwekewe mahakama ya kanisa ya kuwahukumu watu kwa imani zao. Mahakama hiyo ilianza mwaka wa 1560, yeye akiwa amekwisha kufa, na iliwatesa wengi. Waandishi wanaomsifu hupenda kupita haraka mahali hapa. Mimi nimesimama.

Lakini mizani ina pande mbili. Mtu huyo huyo alimwandikia mfalme mara kwa mara kuwashtaki maofisa wa Kireno waliokuwa wakiwanyang'anya wenyeji mali na kuwadhulumu. Alitembea kwa miguu, akala wali na samaki kama wavuvi. Mwaka wa 1545 alikwenda Malaka, mwaka wa 1546 akafika visiwa vya karafuu vya Maluku, na huko nako akayatia mafundisho yake katika lugha ya Kimalei, watoto wakayaimba. Tarehe 15 Agosti 1549 alishuka Kagoshima, Japani. Huko akakosea kwanza: neno alilopewa kumtajia Mungu lilikuwa jina la Buddha mmoja, na alipotambua alilitupa akaanza upya. Alikaa miaka miwili na zaidi, akajifunza kwamba si kila taifa huitwa kwa kengele. Wajapani walimtaka ajibu hoja.

Alipokuwa Japani, chuo cha Goa kiliharibika. Mkuu wake mpya, padri António Gomes, aliyewasili mwaka wa 1548, hakuwaona vijana wenyeji kuwa na maana. Aliwaondosha ili chuo kiwe cha Wareno, kifanane na vyuo vya Ulaya. Vijana waliolala pamoja miaka na miaka wakajikuta njiani. Francis aliporudi mapema mwaka wa 1552 alimwondoa Gomes katika ukuu, na mwishowe akamtoa katika shirika lenyewe. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mambo makubwa aliyoyafanya, ingawa halichorwi katika picha. Aliona kwamba shule inayowafukuza wenyeji ili ipate sifa imekwisha kuacha kazi yake.

Mwaka huo huo akaazimia kuingia Uchina, nchi iliyokuwa imefungwa kwa wageni. Alipofika Malaka alizuiliwa na jemadari wa bandari, Álvaro de Ataíde, aliyevunja ujumbe wote uliokusudiwa kwenda naye kwa mfalme wa Uchina. Jemadari huyo alikuwa mtoto wa Vasco da Gama, yule wa nguzo ya Malindi. Nguzo ya baba ilimkaribisha Francis katika bahari hii, na mtoto ndiye aliyemfungia mlango wa mwisho. Akaenda hivyo hivyo, na watu wachache, mpaka kisiwa cha Shangchuan kilichoitazama bara ya Uchina. Mfanyabiashara aliyeahidi kumvusha kwa siri hakutokea. Baridi ikaingia, homa ikampata katika kibanda, merikebu za Wareno zikaondoka moja moja.

Aliyebaki kando yake alikuwa Antonio, kijana wa Kichina aliyelelewa katika chuo kile cha Goa. Alikuwa amekaa huko muda mrefu hata lugha yake nyingine akaisahau. Francis, katika homa ile, alisema maneno ambayo Antonio hakuyaelewa, na wanaomjua hudhani yalikuwa Kibaski, lugha ya mamake. Tazama msiba wa watu wawili: mmoja amesahau lugha ya kwao, mwingine amerudi katika ya kwao na hakuna wa kumsikia. Alikufa alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1552, umri wake miaka 46. Antonio pamoja na watu watatu wengine walimzika na kumtia chokaa ndani ya sanduku. Yule aliyeshuka Malindi kumsitiri mwenzake akasitiriwa na mwanafunzi. Mwaka uliofuata maiti yake ilichukuliwa hadi Malaka, na mwaka wa 1554 ikafika Goa, ambako imewekwa hata leo. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, siku moja na Ignatius, mwenzake wa chumbani.

Haya yote nilimsimulia mjukuu wangu ukumbini, na shemeji yangu akiwa amekaa na kahawa yake, akijifanya hasikilizi. Nilipofika kwa Antonio aliuliza kama mtoto yule wa Kichina alipata kukumbuka tena lugha yake. Nilimwambia kwamba ndiyo maana yeye, kila likizo, atakuwa akirudi chuoni kwetu, na kila mwezi ataniandikia barua kwa Kiswahili chetu. Hilo ndilo sharti nililoliweka na binti yangu amelikubali.

Kisha nikamtaka naye anisimulie maisha yao. Akasema wavulana wakubwa hawapakuliwi mpaka wadogo wapate. Akasema kila mtoto mgeni hupewa kaka wa kumwangalia, naye wake ni Mgiriama wa upande wa Marafa, aliyempelekea uji kitandani siku tatu alipougua. Anayekuja na mandazi ya nyumbani huyaweka mezani. Ijumaa wale wa Kiislamu huruhusiwa kwenda msikitini, na siku moja mvua iliponyesha, kaka yake yule Mgiriama, ambaye si Mwislamu, aliwasindikiza na mwavuli akawangoja nje. Tangu aje nyumbani, mjukuu wangu amewakataza binamu zake kujipakulia kabla ya wadogo, na wamemtii. Shemeji yangu aliyaona hayo kwenye sinia. Hakusema kitu, ila alisogeza mkono wake nyuma akangoja.

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Lakini mtoto alikuwa bado na misikiti ile 17 kichwani. Akauliza kama mzee yule wa Malindi angerudi leo akapita Mambrui, angetukuta wangapi. Nikamwambia msikiti wetu Ijumaa hujaa mpaka uani. Akasema haulizi Ijumaa. Anauliza alfajiri ya leo, mimi niliona safu ngapi?

Shemeji yangu aliweka kikombe chini akanitazama. Alfajiri ile nilikuwa nimelala.